Maswali ya Wasomaji: Kuelewana na Watu wa Mataifa Mengine Katika Mijadala ya Programu

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wanaoandika programu watuletee maswali kuhusu kushirikiana mtandaoni na watu wa nchi nyingine. Tulitarajia maswali ya kiufundi, lakini karibu barua zote zilihusu maneno makali, ukimya na watu waliosusa. Tumechagua chache na kuzifupisha bila kubadili maana, na hatukuyataja majina ya waandishi wala ya miradi yao.

Jibu la mstari mmoja

*Ndugu Mshauri, nilituma marekebisho yangu ya kwanza kwenye mradi wa chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa wote, baada ya kuyafanyia kazi kwa muda mrefu. Mtunzaji wa mradi, ambaye yuko Ujerumani, alijibu hivi tu: "Hii si sahihi. Inaangusha jaribio la tarehe. Rekebisha." Hakunisalimu wala hakunishukuru, na maneno hayo yanasomwa na kila mtu. Sijarudi tena. Je, nimekosea kukasirika?*

Hukukosea kuumia, lakini naona umemhukumu mtu huyo kwa ushahidi usiotosha. Lisome jibu lake upya bila kutafuta salamu ndani yake. Ametaja tatizo, ametaja mahali linapojitokeza, na amekutaka urekebishe, maana yake ni kwamba kazi yako bado inahitajika. Mtu anayekudharau hajisumbui kuendesha majaribio kwenye msimbo wako hadi akajua ni lipi linaloanguka. Katika sentensi zake tatu hakuna neno hata moja linalokuhusu wewe. Yote yanauhusu msimbo.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, alieleza mwaka 1976 kwamba jamii hutofautiana katika kiasi cha maana kinachobebwa na maneno yenyewe na kiasi kinachoachiwa mazingira ya mazungumzo, yaani ni nani anayesema, anamwambia nani, kwa sauti gani na baada ya kutanguliza nini. Kwa watu wanaoyategemea sana mazingira, salamu inayokosekana ni ujumbe, tena ujumbe mzito. Kwa watu wanaoyategemea maneno, salamu inayokosekana haisemi chochote, na anayezunguka sana kabla ya kulitaja kosa huonekana kama anayempotezea mwenzake muda au anayemficha jambo. Hall aliwaweka Wajapani upande wa kwanza na Wajerumani upande wa pili. Hicho ni kipimo cha jumla tu, na wapo Wajerumani wengi wanaoandika kwa upole na Wajapani wanaosema wazi, hivyo usikitumie kumtabiri mtu mmoja. Kitumie kukumbuka kwamba jibu fupi lina maelezo zaidi ya lile lililokujia kwanza moyoni.

Maandishi nayo yanaongeza ugumu. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti kuhusu watu waliotumiana kwa barua pepe sentensi ambazo baadhi zilikuwa za kejeli na nyingine za dhati. Watumaji waliamini kwamba wasomaji wangezitofautisha bila shida. Kwa kweli wasomaji walifanya vizuri kidogo tu kuliko mtu anayebahatisha, ilhali waliosikia sauti walipata sehemu kubwa zaidi. Jambo linalostahili kutushtua ni kwamba wasomaji nao walikuwa na hakika kwamba wameelewa. Ndivyo inavyotokea katika mapitio ya msimbo: aliyeandika anaisikia sauti yake tulivu kichwani, anayesoma anaisikia sauti kali aliyoitunga mwenyewe, na hakuna anayefikiri kuna la kuuliza.

Sisemi kwamba kila ukali unasameheka kwa kuitwa utamaduni. Kwa miaka mingi mijadala ya watengenezaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux ilijulikana kwa maneno ya kuwavunjia watu heshima, na walioyatetea walisema huo ndio unyofu wa mafundi. Septemba 2018 Linus Torvalds mwenyewe, aliyeuanzisha mradi huo mwaka 1991, aliomba radhi hadharani kwa mashambulizi yake dhidi ya watu binafsi, akapumzika kwa muda, na mradi ukapokea kanuni mpya za maadili. Kipimo ninachokushauri ukitumie ni kile kinacholengwa na maneno. Anayesema "kitendakazi hiki kinavuja kumbukumbu" anauzungumzia msimbo hata kama hakutabasamu, lakini anayesema "ni mjinga gani aliyeandika hiki" amemshambulia mtu, na hapo una haki ya kuwafikishia wasimamizi wa mradi bila kujali anatoka wapi.

Mjibu hivi: "Asante kwa kulipitia. Nimeliona jaribio linaloanguka. Je, tatizo liko katika namna ninavyosoma kanda za saa, au kuna jambo jingine?" Kama alikuwa na nia njema, mtaendelea na kazi.

Pendekezo lililokuwa sharti

*Ninafanya kazi na timu ya Uingereza. Mpitiaji aliniandikia kwamba "huenda ningependa kufikiria" kuligawa faili fulani. Nilifikiria, nikaona halina haja ya kugawanywa. Baadaye kiongozi wa timu aliniambia kwamba sisikii maelekezo. Maelekezo gani?*

Hili ni tatizo lile lile lililogeuzwa upande wa pili, na nafurahi kwamba umeliandika, kwa sababu watu hudhani wanaosema kwa kuzunguka ni wa mashariki na kusini tu. Kiingereza cha ofisini nchini Uingereza kina adabu ya kulainisha amri mpaka ifanane na wazo la kupita, na anayelisoma kwa maneno yake tu hana namna ya kujua kwamba ameamriwa. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson walionyesha, tangu mwaka 1978, kwamba kulainisha hivyo ni njia ya kumlinda anayeambiwa asionekane amelazimishwa. Aliyekuandikia alidhani anakuheshimu.

Kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, ni la timu nzima. Mwongozo wa mapitio ya msimbo ambao Google imeuweka wazi kwa umma unashauri kila maoni yatanguliwe na neno fupi linaloonyesha uzito wake: kama ni jambo dogo la usafi, kama ni la hiari, au kama ni taarifa tu isiyohitaji hatua. Wapelekee wenzako pendekezo hilo. Kabla halijakubaliwa, uliza kila mara unapoona lugha laini: "Je, hili ni sharti kabla ya kuunganisha mabadiliko, au ni hiari yangu?" Hakuna Mwingereza atakayeliona swali hilo kuwa la utovu wa adabu.

Salamu zilizofutwa

*Niliandika swali Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, nikaanza kwa kuwasalimu watu na kumaliza kwa shukrani. Mtu akahariri swali langu na kuzifuta zote mbili. Hata adabu ni kosa?*

Si kosa, na hukuadhibiwa. Tovuti hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2008, huyachukulia maswali kama kumbukumbu itakayosomwa kwa miaka na watu ambao hawakuwapo wakati unauliza, na mwongozo wake unawataka waandishi waache salamu na shukrani ili tatizo lionekane tangu mstari wa kwanza. Shukrani huko hutolewa kwa kulipigia kura jibu na kulikubali. Katika barua pepe kwa mtu mmoja, au unapomwomba mtu akupe muda wake, salimia kama ulivyolelewa.

Mwenzetu anayesema ndiyo kila mara

*Ninaongoza timu ya watu wa nchi mbalimbali. Kila nikieleza kazi huuliza kama wote wameelewa, na mwenzetu mmoja hujibu ndiyo. Siku ya mwisho ikifika ndipo ninapogundua kwamba alikwama tangu mwanzo. Katika mijadala yetu ya maandishi hanipingi kamwe, wala hapingi mtu yeyote. Ni mwongo, au ni mvivu?*

Kwa maelezo uliyonipa, hakuna kinachoonyesha kwamba ni mmoja wa hao wawili. Nadhani unamuuliza swali ambalo kwake lina jibu moja tu linalokubalika. Geert Hofstede, msomi wa Uholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM katika nchi nyingi na kuchapisha matokeo mwaka 1980, alikiita mojawapo ya vipimo vyake umbali wa madaraka: kiasi ambacho watu wa chini wanaona ni kawaida kwamba mamlaka hayagawanywi kwa usawa. Umbali huo ukiwa mkubwa, mkubwa wako anapouliza mbele ya watu kama umeelewa, kujibu hapana ni kusema kwamba yeye hakueleza vizuri. Ndiyo ya mwenzako huenda ina maana ya "nimekusikia na ninakuheshimu". Haikuwa ahadi kwamba kazi itakamilika.

Acha kabisa kuuliza swali la ndiyo au hapana. Mwombe akueleze kwa maandishi ataanza na faili lipi, anadhani ugumu utakuwa wapi, na ni kitu gani anahitaji kutoka kwa wengine. Mwombe atume kazi ambayo haijakamilika siku ya pili, na uwaombe wote wafanye hivyo, ukiwamo wewe, ili jambo hilo lisionekane kuwa kitanzi chake peke yake. Mkosoe faraghani. Kisha fanya jambo ambalo viongozi wengi hulisahau: mwache akupinge mara moja hadharani na ukubali mbele ya wote, kwani watu wa tabia hiyo huamini wanachokiona zaidi ya tangazo la kiongozi kwamba milango yake iko wazi.

Kuhusu kutopinga katika mijadala, kuwa mwangalifu na tafsiri ya ukimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika jamii nyingi mtu asiyekubaliana hunyamaza akitarajia mwenye busara atamuuliza. Miradi ya Apache Software Foundation, shirika la programu za chanzo huria lililoundwa mwaka 1999, hufuata kawaida iliyo kinyume: pendekezo lililotangazwa ambalo halikupata pingamizi katika muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni saa 72 au zaidi, huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Saa 72 zimewekwa kwa makusudi ili watu wa kanda zote za saa, wenye siku tofauti za mapumziko, wapate nafasi ya kusoma. Huko pia watu hupiga kura kwa +1 (nakubali), 0 (sina msimamo) na -1 (napinga), na kura ya -1 dhidi ya badiliko la msimbo hulizuia, mradi aliyeipiga atoe sababu ya kiufundi.

Ninaupenda utaratibu huo kwa sababu umeandikwa. Anayeingia leo anajua kwamba akinyamaza amekubali, na anajua kwamba kupinga ni alama ndogo yenye sababu ambayo haimhitaji asimame mbele ya wakubwa kutafuta maneno ya ujasiri. Kama timu yako haina kanuni ya namna hiyo, basi kila mmoja ana ya kwake kichwani, nawe umekuwa ukizisoma zote kwa kutumia yako.

Vicheko na alama za uso

*Mbrazili mmoja katika mradi wetu alijibu mzaha kwa kuandika "kkk", na Mmarekani akamshtaki kwa wasimamizi kuwa ni mbaguzi. Ni kweli hizo herufi ni kicheko?*

Ni kweli. Wabrazili huandika kicheko kwa kurudia herufi k, na kwao hakuna la ziada, ilhali kwa Mmarekani herufi hizo tatu ni ufupisho wa Ku Klux Klan, kundi la kibaguzi lililoua watu. Wote wawili walisoma kwa haki kadiri walivyojua, na msimamizi mwema angewaeleza wote wawili kabla ya kutaja adhabu.

Orodha ya mambo haya ni ndefu. Mrusi huweka mabano ya kufunga peke yake, ) au ))), kama tabasamu, na mwandishi wa programu huyaona akaanza kutafuta mabano ya kufungulia. Mthai huandika 555 kwa sababu tarakimu tano katika lugha yake hutamkwa "ha". Mjapani hucheka kwa www, ambayo wengine huidhani mwanzo wa anwani ya tovuti. Uso mdogo unaotabasamu, ambao wengi huutuma kwa upole, miongoni mwa vijana wengi wa China husomwa kama dharau au kuchoshwa na mazungumzo. Mwongozo wa adabu za intaneti unaojulikana kama RFC 1855, uliotolewa Oktoba 1995, ulikwisha kuonya kwamba anayesoma ni binadamu mwenye utamaduni, lugha na ucheshi tofauti na wako, na kwamba kejeli inahitaji uangalifu wa pekee. Nakubaliana nao kabisa. Katika mjadala wa kiufundi wenye wageni, kejeli iache nyumbani. Faida yake ni ndogo mno ukilinganisha na urafiki inaoweza kuuvunja.

Tarehe 04/05

*Tuliahidiana kukamilisha kazi "04/05" na mwenzangu wa Marekani akalalamika kwamba nimechelewa mwezi mzima.*

Yeye alisoma tarehe 5 Aprili, wewe ukasoma tarehe 4 Mei. Andika 2025-05-04, mwaka, mwezi, siku, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyoelekeza tangu mwaka 1988, na saa zitaje kwa UTC, yaani saa ya marejeo inayotumika dunia nzima. Tahadhari hiyo hiyo ichukue kwenye namba: 1.500 kwa Mjerumani ni elfu moja na mia tano, na kwa Mmarekani ni moja na nusu.

Bwana na mtumwa

*Nilituma maelezo ya namna ya kunakili hifadhidata nikitumia istilahi za bwana na mtumwa (master na slave) kama nilivyofundishwa chuoni. Nikaambiwa nizibadilishe. Hizi si istilahi za kiufundi tu?*

Kwako zilikuwa hivyo, na aliyekufundisha hakuwa na nia mbaya. Lakini msomaji ambaye mababu zake waliuzwa hawezi kuamriwa alione neno hilo kuwa tupu. Mradi wa Django, zana ya kutengenezea tovuti, uliziacha istilahi hizo mwaka 2014. Redis, programu ya hifadhidata iliyoanzishwa na Mwitaliano Salvatore Sanfilippo, mwaka 2018 iliongeza amri mpya isiyotumia neno la utumwa huku ikiiacha ile ya zamani ifanye kazi, ili programu zilizokwisha kuandikwa zisivunjike. Oktoba 2020 GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kushirikiana msimbo, ilianza kuliita tawi la msingi la miradi mipya kwa jina jingine badala ya "master". Wapo waliopinga kwa hoja kwamba matatizo ya watu hayatatuliwi kwa kubadili majina, na hoja hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo ninaona gharama ya kuandika "hifadhidata kuu na nakala" ni ndogo, tena istilahi hiyo inaeleza kazi ya kila moja kwa usahihi zaidi. Ibadilishe, na usijione umeshtakiwa.

Kiingereza changu ni kibovu

*Nina jambo la maana la kuchangia katika mradi mmoja, lakini kila nikianza kuandika naogopa kuchekwa kwa Kiingereza changu. Je, nitumie programu ya kutafsiri? Au nisubiri hadi lugha yangu iimarike?*

Usisubiri. Lugha mbili za programu zinazotumika duniani kote zilitungwa na watu ambao Kiingereza hakikuwa lugha yao ya kwanza: Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazil, na Ruby ilitangazwa mwaka 1995 na Yukihiro Matsumoto wa Japani. Ruby ilikua kwa miaka kadhaa katika mazungumzo ya Kijapani, na orodha ya kwanza ya majadiliano yake kwa Kiingereza ilianza mwaka 1999. 

Programu ya kutafsiri itumie, ukizingatia mambo matatu. Andika sentensi fupi kwa Kiswahili kabla ya kutafsiri, usiweke methali wala misemo, na ujumbe wa hitilafu unakili kama ulivyotolewa na kompyuta bila kuutafsiri. Mstari mmoja wa kusema kwamba Kiingereza si lugha yako ya kwanza unafaa, kwa kuwa humfanya msomaji akuulize pale ambapo angekudhania vibaya. Kuomba radhi katika kila aya hakufai, kwa kuwa kunamhamisha kutoka kwenye hoja yako hadi kwenye hofu yako. Maelezo ndani ya msimbo yaandike kwa Kiingereza endapo wageni watausoma: mwongozo wa mtindo wa lugha ya programu ya Python, unaoitwa PEP 8, unataka hivyo, isipokuwa kama una uhakika wa asilimia 120 kwamba hautasomwa kamwe na asiyejua lugha yako.

Zaidi ya yote, ambatisha mfano mdogo wa msimbo unaolionyesha tatizo ukiendeshwa, pamoja na toleo la programu unalotumia, matokeo uliyoyatarajia na matokeo uliyoyapata. Mtunzaji aliye Osaka au São Paulo akiuendesha mfano huo na kuliona kosa kwenye kompyuta yake, atakuwa ameshaielewa sehemu kubwa ya barua yako kabla hajaisoma sarufi yake.